Mtunzi wa Ngoma na Wenye Maneno: Uhakiki wa "La Création du monde", 1923 na 2012

Wahakiki wa sanaa za maonyesho wana desturi ya kulisifu onyesho kwa kuhesabu fani zilizokutana ndani yake. Mtunzi wa ngoma akishirikiana na mchoraji, onyesho husemwa kuwa limepanuka. Akiongeza mwanamuziki na mshairi, husemwa kuwa limekamilika. Na akimwalika mhandisi, mwanasheria au mtaalamu wa ubongo, kama ilivyo desturi ya siku hizi, husemwa kuwa limevunja mipaka ya taaluma. Hesabu ya namna hii haina kosa kama hesabu, ila haijawa uhakiki. Haielezi ni nani aliyeamua na ni nani aliyeamuliwa, wala ni kazi ya nani iliyoingizwa jukwaani bila ya mwenyewe kuitwa. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama bale moja iliyofikishwa mbele ya watazamaji mara mbili kwa nia mbili tofauti. Bale yenyewe ni "La Création du monde", yaani Kuumbwa kwa Ulimwengu. Mara ya kwanza ilionyeshwa Paris mwaka 1923, ikiwa kazi ya mabingwa wanne wa Ulaya. Mwaka 2012 kundi la bale la Lorraine, lenye makao yake mjini Nancy, Ufaransa, liliiweka mikononi mwa Faustin Linyekula, mtunzi wa ngoma kutoka Kongo ambaye aliwahi kuishi na kufanya kazi Nairobi.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, yafaa istilahi moja iwekwe wazi. Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote la kumtaja mtu anayepanga hatua na miendo ya wachezaji. Wapo wasemao msanifu wa dansi, na wapo wasemao mbunifu wa ngoma. Hapa limechaguliwa neno mtunzi, kwa kuwa kitenzi kutunga hutumika kwa shairi, kwa wimbo na hata kwa shanga, na katika matumizi hayo yote kinamaanisha kushikanisha vitu ambavyo vingeweza kubaki mbalimbali. Neno ngoma nalo lina upana ambao mhakiki hana budi kuukumbuka: ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni mkutano mzima wa watu waliokuja kupiga, kuimba, kucheza na kutazama. Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba mahali fulani pana ngoma, hajatenga muziki na uchezaji wala uchezaji na maneno. Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni la kujivunia tu. Ngoma nayo ilikuwa na wakubwa wake na wadogo wake, na manju aliyelipwa vizuri hakuwa sawa na mpiga makofi. Hata hivyo, upana huo unamsaidia mhakiki kuuliza swali ambalo lugha nyingine hulificha: wakati fani zinaposemwa kuwa "zimekutanishwa", je, zilikuwa zimetenganishwa na nani?

Bale ya 1923 ilitolewa na kundi lililoitwa Ballets suédois, lililoanzishwa mjini Paris mwaka 1920 na tajiri wa Uswidi, Rolf de Maré. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Oktoba 1923 katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées. Mtunzi wa ngoma alikuwa Jean Börlin, hadithi iliandikwa na mshairi Blaise Cendrars, muziki ulitungwa na Darius Milhaud, na mapazia pamoja na maleba yalichorwa na Fernand Léger. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huu wa kile ambacho Ulaya ya wakati ule ilikiita ushirikiano wa sanaa. Kila mmoja wa wanne hawa alikuwa na jina katika fani yake, na kila mmoja alileta jambo jipya. Wala hapana budi kukubali kwamba walichokitoa kilikuwa kizuri. Muziki wa Milhaud, usiozidi robo saa kwa dakika nyingi, ungali ukipigwa katika kumbi za dunia hadi leo. Milhaud alikuwa amekwenda New York mwaka 1922, akausikia muziki wa jazi katika mtaa wa Harlem, na aliporudi aliandika kwa ajili ya okestra ndogo ya wapigaji wapatao 17, akiweka saksofoni mahali ambapo okestra ya Ulaya ingeweka fidla ya kati. Wahakiki wa Paris waliuona muziki huo kuwa wa mzaha. Miaka kumi baadaye, kama Milhaud alivyoeleza katika kumbukumbu zake, walikuwa wakiandika kwa uzito juu ya falsafa ya jazi.

Lakini ndani ya ushirikiano huo kulikuwa na ngazi. Léger hakuyataka maleba yamvike mchezaji; aliyataka yammeze. Wachezaji walifichwa ndani ya makaratasi magumu na vinyago, wengine wakitambaa kwa miguu minne kama wanyama, wengine wakipanda mironjo kama korongo, hata macho yakashindwa kubainisha mahali pazia linapoishia na mahali mtu anapoanzia. Iko habari, nayo yatoka kwa Milhaud mwenyewe, kwamba Léger alikuwa ametaka pia maua, miti na wanyama viwe ngozi nyembamba zitakazojazwa gesi na kupaa wakati wa uumbaji. Wazo hilo liliachwa kwa sababu mlio wa kujaza gesi ungeuzima muziki. Kisa hiki huchekesha, nacho kinafundisha. Mchoraji alipoingilia eneo la mwanamuziki, palikuwa na mwanamuziki wa kukataa. Alipoingilia eneo la mchezaji kwa kumfunga ndani ya karatasi, hapakuwa na wa kukataa, kwa kuwa mchezaji hakuwa mmoja wa wanne waliokaa mezani.

Hatima ya kazi hiyo ilifuata ngazi zizo hizo. Ballets suédois lilivunjika mwaka 1925, na Börlin akafariki mwaka 1930 akiwa bado kijana. Muziki ulikuwa umeandikwa, ukabaki. Michoro ilihifadhiwa, na leo iko sehemu yake katika makumbusho ya ngoma mjini Stockholm. Hadithi ya Cendrars ilichapishwa. Kilichopotea ni hatua za ngoma, yaani kile ambacho kwa jina la onyesho ndicho kilichokuwa msingi wake. Millicent Hodson, mtunzi wa ngoma, na Kenneth Archer, mwanahistoria wa sanaa, walipoifufua bale hii mjini Geneva mwaka 2000, iliwabidi wazitafute hatua hizo katika michoro, picha na maelezo ya watu waliotazama. Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatalistaajabia jambo hili. Wanajua kwamba kisichoandikwa ndicho kinachozikwa kwanza, hata pale ambapo wote waliokuwapo walikubali kwamba ndicho kilichokuwa na uhai.

Katika orodha ya mabingwa wa 1923 pana mshiriki wa tano ambaye hakutajwa. Cendrars hakuitoa hadithi yake kichwani. Mwaka 1921 alikuwa amechapisha "Anthologie nègre", mkusanyo wa ngano za Afrika alioukusanya kutoka katika vitabu vya wamisionari, wasafiri na maafisa. Miongoni mwa ngano hizo mlikuwa masimulizi ya Wafang, watu wanaoishi Gabon, kusini mwa Kameruni na Guinea ya Ikweta, juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, yaliyoandikwa kwa Kifaransa na padri Henri Trilles aliyekuwa mmisionari Gabon. Kwa hiyo maneno yaliyozaa bale hii yalitoka katika kinywa cha msimulizi, yakapita katika kalamu ya padri, yakaingia katika kitabu cha mshairi, ndipo yakafika kwa mtunzi wa ngoma. Katika kila kituo yalibadilika, na katika kila kituo aliyeyabadilisha alitia sahihi yake. Msimulizi wa kwanza peke yake ndiye asiye na jina.

Yafaa mabadiliko hayo yatazamwe kwa karibu, kwa sababu ndiyo yanayoamua maana ya bale nzima. Katika masimulizi yaliyoandikwa na Trilles, waumbaji ni Nzame, Mebere na Nkwa. Msomaji mwangalifu hakosi kushuku kwamba padri aliyewaandika watatu hawa alikuwa na Utatu wake akilini, lakini hilo tuliache kwa wataalamu wa dini. Watatu hao walimuumba mtu wa kwanza, Fam, wakampa mamlaka juu ya tembo, chui na nyani. Fam akajaa kiburi, akakataa kumtii aliyemuumba. Nzame akaiteketeza dunia kwa moto wa radi. Lakini Fam alikuwa ameahidiwa kwamba hatakufa, na ahadi hiyo haikuweza kurudishwa. Akabaki chini ya dunia iliyoungua, na hakuna ajuaye alipo. Dunia mpya ikatandazwa juu ya ile ya zamani, mti ukaota, majani yake yakawa wanyama, ndipo akatokea mtu wa pili, Sekume, na mkewe Mbongwe. Ushahidi wa ile dunia ya kwanza ni lile jiwe jeusi liwakalo moto ambalo watu hulikuta wachimbapo ardhi.

Haya ni masimulizi ya kina. Ndani yake muna fikra juu ya mamlaka na uasi, na muna wazo la kutisha kwamba dunia hii iliyo nzuri imejengwa juu ya nyingine iliyochomwa, na kwamba yuko aliye hai huko chini. Bale ilichukua nini? Ilimchukua Nzame na wenzake, ikawasimamisha mbele ya rundo la viwiliwili lisilo na umbo. Ikachukua mti na wanyama. Kisha ikamchukua Sekume na Mbongwe, ikawachezesha ngoma ya matamanio, ikawaacha wawili hao wamekumbatiana katika majira ya kuchipua. Fam hakupewa nafasi. Yule mwasi, mtu pekee katika masimulizi hayo aliyethubutu kusema "hapana", aliachwa nje ya mlango wa ukumbi. Kilichobaki ni Afrika isiyo na siasa wala historia, Afrika ya viumbe wanaoamka usingizini na kupendana. Ndiyo Afrika ambayo Paris ya 1923 ilikuwa tayari kuinunulia tikiti.

Linganisho moja litaonyesha ukubwa wa kosa hilo. Katika miaka hiyo hiyo, katika pwani ya Afrika Mashariki na bara yake, beni ilikuwa imeshamiri. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma hiyo, ameonyesha jinsi vyama vyake vilivyoshindana: Kingi na Sikochi mjini Mombasa, Marini na Arinoti katika Tanganyika. Beni ilikusanya tarumbeta na gwaride, sare na vyeo, nyimbo za mafumbo na za matusi, na hesabu za michango. Wachezaji waliyatazama majeshi ya wazungu, wakayachukua waliyoyataka, wakayageuza kuwa yao, na kwa namna hiyo wakasema juu ya utawala mambo ambayo hayakusemeka barazani. Hapo mshairi, fundi cherehani, mpiga tarumbeta na kiongozi wa gwaride walifanya kazi pamoja bila ya kuhitaji tajiri wa kuwakutanisha. Wakati Léger alipokuwa akichora Afrika ya asubuhi ya kwanza kutokana na picha za sanamu vitabuni, Waafrika wenyewe walikuwa wakicheza karne ya 20.

Itasemwa kwamba si haki kuwahukumu watu wa 1923 kwa kipimo cha leo. Hoja hii inastahili kujibiwa, kwa kuwa Cendrars na wenzake hawakuwa watu wa dharau. Walizipenda sanaa za Afrika wakati wasomi wengi wa Ulaya walipozidharau, na Cendrars aliziita ngano hizo fasihi kabla ya vyuo vikuu vingi kufanya hivyo. Lakini kupenda kitu si kumshirikisha mwenyewe. Hata ndani ya kipimo cha wakati ule, Milhaud alipotaka jazi alikwenda Harlem, akakaa akasikiliza wanamuziki wakipiga. Kuhusu Wafang hapakuwa na safari wala swali. Muziki wa watu weusi ulikuwa na wenyewe. Maneno yao yalikuwa malighafi.

Na hapa ndipo mjadala huu unapozigusa idara za lugha za Afrika kwa karibu zaidi kuliko unavyozigusa kumbi za Paris. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipodai mjini Nairobi kwamba fasihi simulizi iwe katika kiini cha masomo ya fasihi, walifungua mlango ambao umewapitisha wanafunzi wengi waliokwenda vijijini na vinasa sauti. Mengi ya matunda ya safari hizo yako katika makabati. Anayeyafungua atakuta nyimbo ambazo hazina maelezo ya hatua zilizochezwa, na ngano ambazo hazina jina la msimulizi, ila "mzee mmoja" au "bibi wa kijiji fulani". Mkusanyaji aliyeandika hivyo hatofautiani sana na padri Trilles, isipokuwa kwamba hana kisingizio cha umbali wala cha lugha.

Uko mtindo mwingine wa ushirikiano ambao hutajwa kama dawa ya ngazi za namna hii. Nao ni ule wa Merce Cunningham, mtunzi wa ngoma wa Marekani, na mwanamuziki John Cage, uliodumu tangu miaka ya 1940 hadi Cage alipofariki mwaka 1992. Wawili hao waliamua kwamba ngoma na muziki vitungwe mbalimbali, vikutane jukwaani tu, vikiwa na muda mmoja na hakuna zaidi. Mara nyingi wachezaji waliusikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho. Hapana shaka kwamba mtindo huu ulizaa kazi kubwa, na mchoraji hawezi kummeza mwanamuziki ambaye hakukutana naye. Lakini haki hiyo ya kutoingiliana ni haki ya wale ambao tayari wana majina. Haimpi chochote aliyekuwa nje tangu mwanzo, na hata mchezaji aliyemo ndani alibaki akipokea hatua kutoka kwa mmoja na kelele kutoka kwa mwingine.

Faustin Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, akasomea fasihi na tamthilia Kisangani, kisha akafika Nairobi mwaka 1993. Huko, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara, lililokuwa la mwanzo katika Kenya kwa aina yake ya ngoma za kisasa. Mwaka 2001 alirudi nyumbani akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na baadaye akazihamishia kazi zake Kisangani. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba alianza kama mtu wa maneno. Ameendelea kujieleza kuwa ni msimulizi wa visa kuliko kuwa mchezaji, na kazi zake huijaribu ngoma kwa swali ambalo mtu wa fasihi angeliuliza: kisa hiki ni cha nani, na nani anayeruhusiwa kukisimulia?

Basi alipopewa bale ya 1923, Linyekula hakuikataa wala hakuitengeneza upya. Aliizungushia kazi yake mwenyewe. Katika "La Création du monde 1923–2012" wachezaji wa Lorraine hucheza kwanza sehemu aliyoitunga yeye. Kisha bale ya zamani huchezwa yote kama ilivyofufuliwa na Hodson na Archer, pamoja na muziki wa Milhaud na maleba ya Léger. Halafu kazi humrudia Linyekula. Muziki wa sehemu zake ulitungwa na Fabrizio Cassol, na mavazi yalibuniwa na Lamine Badian Kouyaté, mbunifu anayejulikana kwa jina la Xuly Bët. Miongoni mwa wachezaji hao wa Ulaya amesimamishwa Mkongomani mmoja, Djodjo Kazadi, ambaye kwa mwili na kwa maneno anayahoji yale yaliyopita mbele ya macho ya watazamaji: bale iliyojiita ya watu weusi ambamo mtu mweusi hakuwamo.

Ufundi wa muundo huu ni dhahiri. Ingekuwa rahisi kuisimulia bale ya 1923 kwa kejeli, au kuonyesha vipande vyake tu. Linyekula anailazimisha isimame yote, na uzuri wake wote, ili mtazamaji aipende kwanza kisha aulizwe alichokipenda. Hata maleba yanabadilika maana. Makaratasi ya Léger, ambayo mwaka 1923 yalikuwa ushindi wa mchoraji, sasa yanaonekana kama mzigo ambao wachezaji wanaubeba kwa niaba ya mtu mwingine. Na Kazadi anapotokea peke yake baada ya dunia ile ya kupendeza kumalizika, msomaji wa masimulizi ya Wafang hawezi kujizuia kumkumbuka Fam, yule aliyezikwa akiwa hai chini ya dunia mpya. Si lazima mtunzi awe alikusudia hivyo. Inatosha kwamba masimulizi yenyewe yanadai nafasi yao, kama yanavyofanya masimulizi yaliyokatwa vibaya.

Hata hivyo, sifa hizi zisituzuie kusema palipo na kasoro. Ya kwanza ni ya uwakilishi. Kazadi ni Mkongomani, si Mfang. Anaposimama peke yake dhidi ya kundi zima, anabebeshwa bara zima, na hilo ni kosa lile lile la 1923 likitazamwa kutoka upande wa pili. Kwa Cendrars, ngano za watu mbalimbali zilikuwa "nègre". Kwa jukwaa la 2012, mtu mmoja mweusi anatosha kuwajibia wote. Ya pili ni ya lugha, na kwa wasomaji wa jarida hili ndiyo nzito zaidi. Sehemu ya katikati bado inafuata hadithi ya Cendrars. Hakuna aliyerudi nyuma ya Cendrars hadi kwa Trilles, na nyuma ya Trilles hadi kwa Wafang, kuuliza masimulizi hayo yanasemwaje katika lugha yao na huchezwaje, ikiwa huchezwa. Waliokaa mezani sasa ni mtunzi wa ngoma, mwanamuziki, mbunifu wa mavazi, mwanahistoria wa sanaa na mfufuzi wa hatua za kale. Mwenye ujuzi wa Kifang hayumo. Bale imefanyiwa uhakiki mkali juu ya rangi, na uhakiki mwepesi juu ya maneno.

Inawezekana kudai kwamba lawama hii ni ya wanalugha wanaotaka kila kitu kirudi katika lugha. Lakini Linyekula mwenyewe, katika kazi nyingine, ameonyesha kwamba anajua njia ya kumpa mwenye maneno kiti chake. Mwaka 2009 alitoa "more more more... future", akiwa na Flamme Kapaya, mpiga gitaa aliyepata umaarufu katika kundi la Werrason, na mavazi ya huyo huyo Xuly Bët. Jina la kazi hiyo linaupindua usemi wa vijana wa Ulaya wa miaka ya 1970 waliodai kwamba hakuna kesho. Kapaya alileta ndombolo, muziki ambao vijana wa Kinshasa wanaujua kwa viuno vyao. Tatizo la ndombolo si miguu, ni maneno. Kwa muda mrefu waimbaji wamekuwa na desturi iitwayo kwa Kilingala "kobwaka libanga", yaani kutupa jiwe: mwimbaji hulitaja jina la tajiri au mwanasiasa katikati ya wimbo, na mwenye jina hulipa. Hivyo wimbo wa mapenzi hugeuka kuwa daftari la wafadhili.

Mahali pa majina hayo Linyekula aliweka mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo. Mtu huyu alihukumiwa kifo katika kesi iliyofuata kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001, na mashairi hayo aliyaandika akiwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Hapa ushirikiano si pambo. Mshairi hakuweza kuhudhuria mazoezi; mtunzi wa ngoma na mpiga gitaa walifanya kazi na mtu ambaye mwili wake ulikuwa umefungwa, katika sanaa ambayo chombo chake ni mwili. Kila anapocheza mchezaji, mtazamaji anakumbushwa asiyeweza kucheza. Gitaa la Kapaya ni la nguvu, na maneno yaliyowekwa juu yake hayana budi kupigania kusikika. Mhakiki mwenye masikio ya kishairi ataona hiyo kuwa hasara. Lakini jina la mshairi halikumezwa. Lilitangazwa pamoja na kazi, tena wakati ambapo kulitangaza hakukuwa na faida yoyote ya kifedha, kinyume kabisa cha "libanga".

Vumilia alikuwa ameanza kushirikiana na Linyekula mapema zaidi, katika "Dinozord", kazi iliyoonyeshwa mjini Vienna mwaka 2006, ambamo maneno yake kutoka gerezani yalisikika pamoja na sauti ya mwimbaji Serge Kakudji na muziki wa Mozart wa kuwaombea wafu. Mwaka 2011 Vumilia alitoroka gerezani, akapata hifadhi Uswidi. Linyekula alipoitunga upya kazi hiyo mwaka 2012 kwa jina la "Sur les traces de Dinozord", aliyekuwa sauti ya mbali sasa alisimama jukwaani kwa miguu yake, akayasema maneno yake kwa kinywa chake, mbele ya wachezaji waliokuwa wameyacheza bila yeye.

Kazi hizi mbili ni za mwaka mmoja na za mtunzi mmoja. Katika moja, mwenye maneno ametoka kifungoni akapewa nafasi katikati ya jukwaa. Katika nyingine, dunia ya Nzame inaumbwa kila usiku kwa ustadi mkubwa, miti inaota, wanyama wanaamka, Sekume anamwona Mbongwe, na chini ya mbao za jukwaa Fam angali amelala.